Mafuta ya Shokapu na Damu ya Mdogo Wako

Zahanati, juu mlimani
4 Machi

Mwanangu,

Pokea salamu zetu. Huku tu wazima, ila baba yako goti limeanza tena na safari hii analilaumu blanketi. Amefuga kuku wapya ambao hawatagi, na hataki kuambiwa. Mkeo hajambo? Na mjukuu wangu, meno ya mbele yameota, au bado anacheka kizee?

Kwenye simu usijisumbue. Mvua zilichukua barabara na mnara wa simu kwa pamoja, na kilichobaki ni njia ya miguu. Barua hii itashuka na mwalimu anayekwenda kuchukua chaki.

Sasa nikwambie. Mdogo wako ni mjamzito tena, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba damu yake imeanza kugombana na ya mtoto, kama safari ile. Safari ile tulijua tumeshachelewa, na sote tunakumbuka tulizika nini. Mara hii daktari wa hospitali ya chini ameagiza damu yake ipelekwe kila baada ya wiki mbili. Kipimo kikipanda, ashuke upesi, mtoto atolewe mapema na abadilishwe damu. Tusipopima hatutaijua siku, na tukiikosea siku, mtoto anaondoka.

Yeye mwenyewe hawezi kwenda na kurudi kila mara, njia hii na tumbo lile. Wodi nayo haimlazi mtu mzima wa afya kwa miezi mitano, na ndugu huko chini hatuna. Kwenda kwa miguu ni kutwa nzima, na maabara inaacha kupokea saa sita. Basi tumepata baiskeli. Mpima barabara aliyekuja kabla ya mvua aliondoka akaiacha, baiskeli ya mlimani hasa, matairi yana meno kama msumeno. Kuna mtu anaiteremsha.

Damu ya kwanza wameikataa. Damu, mwanangu, ni vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na ukivitikisa sana vinapasuka. Maabara wakiizungusha, maji yanayobaki juu yanatakiwa yawe ya manjano. Yetu yalifika mekundu, hayapimiki. Chupa zilikuwa zimefungwa pamba, zimewekwa kifuani mwa mpandaji, na bado. Shokapu ya mbele imekauka. Inalia, inagoma, kila jiwe linapanda mpaka kwenye meno.

Wewe ndiyo kazi yako. Nina mafuta ya cherehani, nina ya jenereta, nina ya kupikia. Nitie yapi?

Shangazi yako

*

Karakana
19 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sisi hatujambo. Meno ya mjukuu wako yameota mawili na ameshamng'ata jirani. Mke wangu anakusalimia sana.

Shangazi, ya kupikia rudisha jikoni. Yataoza ndani ya shokapu, yatakuwa gundi. Ya cherehani ni mepesi mno, yatakimbia. Ya jenereta ni uji. Nakutumia vichupa viwili, na nisamehe nikiwa mrefu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu.

Shokapu ina miguu miwili. Ndani ya mguu wa kulia kuna bomba lililofungwa, na ndani ya bomba kuna tundu dogo, dogo kuliko mdomo wa sindano zako za chanjo. Gurudumu likigonga jiwe, mafuta ya humo yanalazimishwa kupita kwenye lile tundu. Yanapita kwa shida, yanapata joto kidogo, basi, kishindo cha jiwe kimeishia hapo. Hakiendi kokote kingine. Nimefungua shokapu nyingi kiasi cha kuchukiwa na nguo zangu, na jambo hili bado linanishangaza. Jiwe zima linaingia, linatoka joto la kikombe cha chai iliyosahauliwa. Kichupa chenye utepe mweupe ni cha bomba hilo.

Chenye utepe mwekundu ni kizito kidogo. Hicho ni cha kulainisha tu, huko chini ambako chuma kinasugua chuma. Mililita kumi kila mguu, usizidishe kwa huruma. Ukijaza, shokapu inakuwa gogo. Toa hewa kwanza, ile ya mguu wa kushoto ambayo ndiyo springi yake, legeza nati za chini, gonga taratibu kwa nyundo ya mbao, vuta. Futa uchafu wote. Kuna pete za sponji chini ya sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, zilowanishe zishibe. Halafu tumia bomba la sindano kuingiza mafuta kwa tundu la chini, baiskeli ikiwa imelala upande. Kazi ya sindano hakuna wa kukufundisha.

Jambo moja sijaelewa. Ni nani anayepanda? Ana kilo ngapi? Hewa na mafuta yote yanamfuata mpandaji. Niandikie kilo zake.

Mwanao

*

Zahanati
10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa meno, jirani atapona. Baba yako kapata yai moja na ameliweka mezani wageni walione. Mdogo wako anakula vizuri na mtoto anacheza. Usiku anapiga mateke mpaka shuka linatikisika.

Nimeifungua. Nilitandika shuka la wodi lililochakaa chini ya dirisha, nikapanga vifaa kama napokea mzazi, nikagonga kama ulivyosema. Mguu ulipovutika ulitoa sauti ya mtu anayeshusha pumzi, ukamwaga kitu cheusi kinachonuka uvundo. Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote, nimeona ndani ya watu, lakini sikujua kwamba ndani ya baiskeli kuna usafi wa namna ile. Nilipofuta ule uchafu, chuma chini yake kilikuwa kinang'aa, nikajiona uso. Nilikaa nikakitazama mpaka wagonjwa wakaanza kukohoa kwa makusudi.

Damu ya pili wameipokea kwa shingo upande. Maji yake yalikuwa ya waridi. Wakasema wamepima lakini hawana uhakika, tusiitegemee. Kwa hiyo tuko nusu njia.

Nimechunguza kitu. Asubuhi huku juu, nyasi zikiwa bado na barafu, shokapu inagoma. Viganja vinauma mpaka kwenye lile jiwe kubwa la kugawa njia. Kuanzia hapo jua linapata nguvu, inaanza kulegea, na ukifika chini inakwenda kama mtu aliyekunywa chai. Ndivyo anavyoniambia huyo mpandaji. Nikachukua vioo viwili vya hadubini, nikaviweka mshazari, tone la utepe mweupe kwenye kila kimoja. Kimoja ndani karibu na jiko, kimoja dirishani nje. La ndani lilishuka kabla sijakaa. La nje nilikwenda kumfunga mtu bandeji, niliporudi lilikuwa bado linafikiria. Ni mafuta yale yale. Je, hilo ni la kawaida?

Kuhusu mpandaji, ni mtu wa kawaida tu, wa kiasi.

Shangazi yako

*

Karakana
28 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mke wangu amekutumia kanga, iko kwenye kifurushi. Mtoto amejifunza neno moja, nalo ni "hapana", kwa hiyo nyumba imepata mkubwa mpya.

Vioo vyako vimenikalisha chini. Nilichagua mafuta yako hapa karakana, juu ya meza inayoweza kukaanga yai, nikayashika kwa vidole nikasema haya ndiyo. Sikufikiria barafu. Nimezoea wateja wa hapa, mlima wao ni tuta la barabarani.

Nikaenda kwa muuza soda jirani, nikamwomba anihifadhie vichupa kwenye friji yake. Alikubali kwa sharti kwamba nisimlaumu akimuuzia mtu kwa makosa. Nilipanga mafuta ya aina nne, na mbili kati yake zimeandikwa namba ile ile ya uzito, tano. Nilipoyatoa ya baridi nikayamimina kwenye kioo, tano moja ilikimbia na tano nyingine ikatembea. Namba ile ile, Shangazi, kila kiwanda na tano yake. Nilijua jambo hilo kwa kuambiwa. Kuliona ni kitu kingine. Muuza soda naye aliacha wateja wake akaja kutazama, akasema hajawahi kuona mafundi wakiangalia matone kama mpira wa fainali.

Nimepata mafuta ambayo kwenye baridi na kwenye joto yanashuka karibu sawa. Yana rangi ya kijani, ukiyainua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Yamwage ya zamani yote, utie haya. Yale ya utepe mwekundu nayo nimeyabadilisha, kichupa kipya kimefungwa uzi mwekundu.

Lakini kilo, Shangazi. "Wa kiasi" si kilo. Mimi nimekisia kijana wa kilo sabini na tano na hewa nimekupigia hesabu hiyo. Kama si hivyo, shokapu haitainama hata kidogo na mafuta mazuri yote hayo yatakuwa yamelala tu. Wewe una mizani ya kupimia watu. Mpandishe huyo bwana juu yake.

Mwanao

*

Zahanati
6 Juni

Mwanangu,

Usishangae mwandiko, mimi nasema na mdogo wako anaandika. Kimya changu kisikutie wasiwasi. Mwezi uliopita niliteleza jikoni, nikaangukia bega, mfupa wa mtulinga ukapata ufa. Mkono umefungwa. Baba yako anapika, Mungu atusaidie, na kuku wamekimbilia kwa jirani.

Mafuta ya kijani nilitia kabla ya hayo. Ni mazuri, baridi haiyashindi tena. Lakini shokapu bado ni ngumu. Inagonga jiwe na kurudi kama imetukanwa. Damu iliyofuata ilifika na maji mekundu tena, na baada ya hapo haikwenda nyingine, kwa sababu mpandaji amepata dharura. Mara moja tumemtuma mtu kwa miguu, akakuta dirisha la maabara limefungwa. Kwa hiyo sasa hatujui tulipo, na miezi inakwenda. Sikuandikii ili uogope. Nakuandikia ili ufikiri.

Shangazi yako

Kaka, shangazi amekwenda kumtazama mgonjwa, nina nafasi kidogo. Mpanda baiskeli ana kilo arobaini na saba, na mwaka huu ametimiza miaka hamsini na sita. Jikoni kwetu hakuna mawe. Mimi sijasema kitu. Mtoto anacheza, lakini siku hizi anacheza polepole.

*

Karakana
15 Juni

Shangazi, shikamoo na pole sana.

Jikoni ni mahali pa hatari, nakubali. Mfupa uache uunge mpaka uweze kunyanyua ndoo bila kukunja uso. Na huyo kijana wako wa baiskeli naye apumzike muda ule ule, asipungue hata siku, kwa ajili ya kukuonea huruma tu.

Nimefikiri kama ulivyosema. Nimeona nilikosea kumkisia. Huenda ni kijana mwembamba. Mpandaji mwepesi hawezi kuyasukuma mafuta yale kwenye tundu. Anahitaji mepesi zaidi, na hewa kidogo, karibu nusu ya ile niliyoandika. Nikatafuta mtu wa kujaribia. Hapa karakana wote tumeshiba, ila mke wangu ana kilo zinazokaribia za huyo kijana. Nilimwomba. Aliuliza ni kwa ajili ya nani, nikamwambia, akavua viatu vya kisigino papo hapo.

Nyuma ya karakana kuna ngazi za mawe zinazoshuka kwenye kiwanja. Niliifunga baiskeli moja shokapu ya aina kama yenu, mafuta yale yale, hewa ile ile niliyokupa wewe, na muuza soda akatoa chupa moja ifungwe kifuani mwa mke wangu. Mke wangu akashuka ngazi. Tulipofungua soda, ilituogesha wote watatu. Nikabadilisha mafuta, nikapunguza hewa, akashuka tena. Ikatoa povu la kujaza nusu gilasi. Tulishinda kwenye ngazi zile mpaka wateja wakaleta viti. Kila mara mafuta mepesi kidogo, kila mara mke wangu anapanda na baiskeli begani na kusema bado. Mwisho kabisa alishuka, gurudumu linazama kwenye kila ngazi na kuinuka, yeye kichwa kimetulia mahali pamoja. Muuza soda akafungua chupa. Ikasema "psii" kama imetolewa kwenye kreti. Mimi ndiye ninayefanya kazi hii, na nilimwomba ashuke tena nione.

Mafuta hayo ndiyo haya, kichupa kimoja kikubwa, ni mepesi karibu na maji. Hewa nimeiandika kwenye karatasi iliyozungushwa kwenye chupa. Kuna glavu pia, za mkono mdogo.

Mwambie kijana mwili wake uwe kama ngalawa juu ya mawimbi, viwiko viwe legelege, asiishike baiskeli kwa hasira. Mwambie pia kwamba huku kuna mtu anamwogopea sana, halali vizuri, na hatamzuia.

Mwanao

*

Hospitali ya chini
2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na glavu zimetosha kabisa. Mkeo mpe mkono wangu. Baba yako yuko hapa na mimi, amekuja na kuku kwenye kikapu kama zawadi kwa daktari, wamemzuia getini.

Nianzie mwanzo. Mfupa ulipounga nilitia mafuta yako, nikapunguza hewa kama karatasi ilivyosema, nikaibonyeza kwa mkono. Ilizama, ikarudi bila sauti. Nikajua.

Ni mimi ninayepanda. Najua unajua. Mdogo wako hakuniangalia usoni kwa wiki nzima baada ya kuandika, na glavu za mkono mdogo hazinunuliwi kwa bahati. Sikukwambia kwa sababu ungesema nisipande, na ningelazimika kukukatalia kwa maandishi.

Ile asubuhi nilishuka na damu kifuani. Kwenye mawe yale yaliyonivunja mtulinga nilitaka kufumba macho. Halafu nikasikia mawe yanapita chini yangu na hayanifikii. Nayaona, makubwa, gurudumu linayaparamia moja baada ya jingine, na mimi kifuani kumetulia kama nimekaa kanisani. Nilizaliwa mlima huu. Nimeupanda na ndoo, na wagonjwa, na majeneza. Sikujua kwamba unaweza kumshusha mtu namna ile. Nilicheka peke yangu njia nzima, mwanangu, mtu mzima mimi, mpaka mbuzi wakasimama.

Mtu wa maabara aliizungusha ile chupa kwenye mashine, akaiinua dirishani. Juu kulikuwa na manjano safi. Akaniuliza nimepitia barabara ipi iliyofunguliwa. Akapima. Kipimo kilikuwa bado kinavumilika, ila akasema nirudi baada ya wiki moja. Nikarudi. Safari hiyo alipima mara mbili, akanyanyuka akaenda kumwita daktari, na daktari alikuja anatembea haraka. Akasema, "Huyu mama aletwe leo au kesho. Kesho kutwa sina ninaloweza kuahidi."

Niliisukuma baiskeli mpaka juu, nimefika na giza. Alfajiri wanaume wa kijiji walimbeba kwenye machela kwa zamu, walimu, wachonga mbao, hata mume wa yule mwanamke aliyegombana na mdogo wako shambani. Mimi nikatangulia hospitalini kuwaambia waandae chumba.

Ni msichana. Alitoka wa manjano kama ganda la ndizi, mdogo, hana nguvu hata za kulia. Wakamtoa damu kidogo kidogo na kumtia nyingine kidogo kidogo, kwa bomba la sindano, mpaka karibu yote ikawa mpya. Nilisimama pale mlangoni. Nimeona mengi kwenye kazi hii, lakini sikuondoka mpaka sindano ya mwisho. Mtu anabadilishwa damu yote na bado ni yule yule. Amelala sasa chini ya taa za buluu, amefungwa macho kitambaa, na jana ameanza kulia. Analia vibaya sana, sauti imetoka kwa baba yako. Daktari anasema tungechelewa siku mbili tungekuwa tunazungumza mengine.

Shemeji yako, baba wa mtoto, amepata ruhusa kazini, anafika kesho. Barabara wanasema itafunguliwa kabla ya mwaka kwisha. Lakini kuna mama mwingine huku juu, mimba changa, damu ya namna ile ile. Kwa hiyo mafuta nitayahitaji bado. Na hata kama nisingeyahitaji kwa ajili yake, ningeyaomba.

Shangazi yako

*

Karakana
11 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Nimewasomea barua yako hapa, bosi, mafundi na muuza soda. Niliposhindwa kuendelea mke wangu alinipokea akamalizia. Muuza soda amefunga kibanda kwa siku iliyobaki.

Nimeomba likizo, nimepewa. Tunakuja wote watatu, tutapanda kwa miguu. Ninaleta mafuta ya mwaka mzima, sili mpya na sponji mpya, na shokapu nitaifungua mwenyewe mbele yako ili nione ulivyoitunza.

Lakini kuna kitu nataka kabla ya hayo yote. Miaka yangu yote nimetengeneza shokapu za watu, wanalipa, wanaondoka, na mimi nabaki mezani. Sijawahi hata mara moja kusimama njiani nikaona kazi ile inavyokwenda. Niandikie siku utakayoshuka na damu ya huyo mama, na kabla sijafika kwenu nitakuwa nimesimama pale kwenye mawe, pembeni, mtoto nimembeba begani ili naye aone. Najua tutakuwa hatujaonana miaka mingi. Ukiniona usisimame kunisalimia. Pita tu.

Mwanao